Picha ya Lynette Katikati ya Mawingu

Jumamosi nyumbani kwa Kukhu Beldina huanza na mboga. Kabla umande haujakauka, Lynette Shikanga huwa ameshachuma mrenda na kunde, amezifunga mafungu kwa kamba za mgomba na kuzipanga kwenye beseni ambalo Kukhu, yaani nyanya yake, hulibeba kichwani hadi soko la Khayega. Kisha huosha vyombo, hufagia uwanja na kumnywesha ng'ombe wao mmoja, mkaidi asiyekunywa kabla ya kuipiga ndoo teke. Lynette ana miaka kumi na mitatu na kazi hizi anazijua hata akifumba macho. Jumamosi hii alizifanya upesi kuliko kawaida, kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa kwenye kolaji.

Mwalimu Kemunto, anayefundisha Sanaa katika Gredi ya Saba, alikuwa amewapa kazi. Kila mwanafunzi atengeneze picha ya nafsi yake kwa kuunganisha picha nyingi kwenye kishikwambi, na ndani yake mtu aone mambo matatu: jamaa zake, imani yake, na yeye mwenyewe ni nani. Shule ilikuwa na vishikwambi kumi na viwili, darasa lilikuwa na wanafunzi hamsini na sita. Mmoja aligusa na wanne wakamsukuma kwa viwiko. Zamu ya Lynette ilipokwisha alikuwa amewahi kuandika jina lake tu, na kazi ilitakiwa Jumatatu.

Nyumbani kulikuwa na simu moja iliyoweza kufanya kazi hiyo, nayo ilikuwa ya Kukhu. Mama yake Lynette, Christine, ndiye aliyeituma. Mama alikuwa Uarabuni mwaka wa pili sasa, akifanya kazi ya nyumba, na matajiri wake walimpa simu yake saa moja tu kwa siku, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja. Kwa Lynette, Mama alikuwa saa hiyo moja. Ndiyo maana Kukhu alikuwa na sheria isiyojadiliwa: simu ni ya Mama, haiguswi. Wiki hiyo sheria ilikazwa zaidi, kwa kuwa mvua ya Alhamisi iliangusha nguzo, kijiji kizima hakikuwa na stima, na chaji ilipatikana sokoni tu, kwenye kibanda cha Osiako.

Lynette aliichukua hata hivyo. Ijumaa jioni Kukhu alipokwenda kwenye maombi ya akina mama, alikaa kitandani na simu mapajani, akaanza.

Alianza na uso wake. Picha pekee iliyotoka vizuri ni ile ndogo iliyopigwa shuleni, amevaa sweta ya kijani, kola imenyooka, macho yametazama mbele bila kucheka. Akaiweka katikati. Kisha jamaa. Picha pekee ambayo ukoo wote ulisimama pamoja ilipigwa siku ya mazishi ya Babu Shikanga, mbele ya hema, akina mama wote wamejifunga vitambaa vya rangi moja. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, huo ndio wakati watu wote hupatikana mahali pamoja, na mpiga picha hafanyi makosa kuja. Mama hakuwemo, alikuwa ameshasafiri. Lynette alimkata kwa kidole kutoka kwenye picha yake ya pasipoti, taratibu, akamwacha bila sikio moja kwa bahati mbaya, akambandika pembeni. Upande wa baba hakuwa na picha wala habari. Pengo lile alilifunika kwa maua meupe.

Imani ilimpa shida. Yeye na Kukhu husali kwenye kanisa la Marafiki, mahali ambapo watu huimba, kisha hunyamaza pamoja kwa muda mrefu, na mwenye jambo moyoni husimama akalisema. Hakuna anayewasha mshumaa huko. Lakini utaupigaje ukimya picha? Akatafuta katika programu ya simu, akapata mshumaa unaowaka, msalaba wenye miale, na njiwa wawili wanaopaa. Nyuma ya yote akatandaza mawingu.

Ukiuliza alijifunza wapi mapambo hayo, jibu lilikuwa humo humo ndani ya simu. Kukhu ana umri ambao nusu ya picha anazotumiwa mtu ni za matanga. Lynette alikuwa ameziona nyingi, na kusema kweli zilikuwa picha nzuri kuliko zote: mtu mmoja katikati, mawingu, maua, na chini yake watu wanamwita mpendwa. Hakuwahi kuona mtu wa kijijini akiwekwa katikati ya picha namna hiyo kwa sababu nyingine yoyote. Akaandika chini kwa herufi za dhahabu: "Lynette Shikanga, binti mpendwa, mjukuu na rafiki. 2012 –". Baada ya mwaka aliacha nafasi, kwa sababu alikuwa bado anaishi.

Jumamosi asubuhi, Kukhu alipokuwa akikama, Lynette aliitazama kazi yake mara ya mwisho akaridhika sana. Alipaswa kumtumia Mwalimu. Lakini moyo ulitaka sifa kwanza, na sifa hupatikana kwenye kundi la ukoo, lenye watu sitini na watatu kutoka Malinya hadi Nairobi hadi kule kwa Mama. Akaituma huko bila neno lolote. Kukhu mwenyewe hakujua kuandika kwenye simu, kwa hivyo picha zake zote zilikwenda hivyo hivyo, kimya. Picha ikaondoka. Sekunde chache baadaye kioo kikawa cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha.

Akairudisha simu chini ya mto. Aliogopa, lakini jambo dogo tu: kugombezwa.

Kukhu aliingia akifuta mikono kwa kanga. Akauliza kama simu ilikuwa na chaji, au aibebe aipeleke kwa Osiako, kwa sababu Mama angepiga jioni. Hapo ndipo Lynette alipokuwa na nafasi ya kusema.

"Iko, Kukhu," akasema. "Imejaa tu."

Kukhu hakuinua mto kuhakikisha. Hakuwahi kuwa na sababu ya kumshuku mjukuu wake. Akajitwika beseni akaenda.

Ilipofika saa nane mchana, pikipiki iliingia uwanjani. Alikuwa Masinde, binamu ya Mama, mwendeshaji boda boda ambaye kwa kawaida husalimia watu kuanzia barabarani. Siku hiyo hakusalimia. Alizima injini akabaki amekaa juu ya pikipiki, akimtazama Lynette aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, Anko."

Masinde aliushika uso wake kwa mikono miwili, na mabega yakatikisika. Lynette hakuwahi kumwona mtu mzima akilia bila sauti. Alipoweza kusema, alieleza kwamba Alice, dada ya Mama anayeishi Nairobi, alimpigia akiwa amepagawa. Kwenye kundi la ukoo kulikuwa na picha ya matanga, na aliyekufa ni Lynette. Ilitoka kwenye simu ya Kukhu. Walimpigia Kukhu tangu asubuhi wamuulize kulikoni, simu imezimwa. Nani angezima simu siku kama hiyo ila mtu aliyezidiwa na msiba? Watu wameandika pole mamia. Wengine walikuwa wameshaulizana kama mazishi yatakuwa Ijumaa au Jumamosi, maana tarehe iliachwa wazi.

Lynette aliwaona njiwa wake wawili mbele ya macho, na mshumaa, na watu waliosimama mbele ya hema. Akaelewa yote kwa mara moja.

Masinde alikuwa na simu ndogo ya kupiga tu. Akampigia Alice, akamwekea Lynette sikioni. Alice alipoisikia sauti alilia upya, kisha akaandika kwenye kundi kwamba mtoto yu hai. Lakini picha ilikuwa imeshatoka kundini, imeingia makundi ya makanisa na ya majirani, na wengine, kwa huruma yao, walikuwa wameituma moja kwa moja kwa Christine pamoja na maneno ya faraja. Zote zilikuwa zikimngoja. Saa kumi angepewa simu yake na kuzikuta.

"Sikia," Masinde akasema. "Saa kumi ikigonga tu, simu ya Kukhu ndiyo impigie ya kwanza, ya video, akuone uso. Asione ile kitu kabla yako. Simu iko wapi?"

Simu ilikuwa hatua sita kutoka pale walipokuwa, chini ya mto, haina hata tone la chaji. Lynette alijua. Alijua pia kwamba akiitoa, swali la pili lingekuwa ni nani aliyeimaliza, na la tatu ni nani aliyetuma picha.

"Kukhu ameenda nayo sokoni," akasema.

Masinde aliwasha pikipiki akaondoka mbio kuelekea Khayega. Lynette alikimbia hadi kwenye ua, lakini hakumwita arudi. Alirudi ndani akaishika simu, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, akakibonyeza hadi kidole kikamuuma. Kioo kilimwonyesha uso wake tu, mweusi na usio na macho.

Alikuwa bado ameishika aliposikia kilio. Akina mama wa kanisa walikuwa wakipanda kilima, saba au wanane, vitambaa vyeupe kichwani, wakilia kwa sauti ile ambayo hapa kwetu mtu huisikia akiwa shambani akaacha jembe. Walikuwa wakitaja jina lake. Lynette alisimama uwanjani na hakujua la kufanya. Ajifiche? Awafuate? Mama Tracy, jirani yao, ndiye aliyemwona kwanza, akaacha kulia. Mmoja baada ya mwingine walinyamaza. Walimzunguka, wakamshika mabega, mashavu, nywele. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Mama Tracy alirudia kumwambia pole, mwanangu, pole, na Lynette alitamani ardhi ipasuke.

Saa tisa na robo Kukhu alifika. Hakuja na beseni. Hakuja na viatu. Mwuza nyanya mmoja alimfuata pale sokoni akampa mkono wa pole, akamwuliza mtoto aliugua nini, na Kukhu akaacha kila kitu akakata njia ya mkato ya mashambani, mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye presha, akikimbia. Ndiyo maana Masinde hakukutana naye. Alimwona Lynette amesimama. Alijishusha chini polepole, akaketi kwenye vumbi, mikono imelala mapajani, akamtazama.

"Kukhu," Lynette akasema, "ni mimi niliyetuma. Ilikuwa kazi ya shule. Ni mimi nilimaliza chaji. Nilikudanganya asubuhi, na nimemdanganya Anko Masinde saa hii. Simu ndiyo hii."

Kukhu aliitazama simu, kisha akauliza saa ngapi. Hakuuliza kitu kingine. Akanyoosha mkono, Mama Tracy akamsaidia kusimama.

Masinde alirudi saa kumi kasorobo, ameloa jasho, akawachukua wote wawili nyuma yake. Mvua ya kila jioni iliwakuta njiani. Barabara ikawa utelezi na pikipiki ikaenda mwendo wa mtu anayetembea. Lynette, aliyebanwa katikati, alikuwa akizihesabu dakika kimoyomoyo na hakuweza kuzisimamisha. Walipoingia kwenye kibanda cha Osiako, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi kwa dakika kumi na mbili.

Osiako alichomeka simu kwenye chaji. Kioo kilibaki cheusi. Alisema betri ikikauka kabisa huchukua muda kuamka. Akatoa simu yake mwenyewe, Alice akawasomea namba ya Mama kupitia simu ya Masinde, wakapiga. Ililia, ikakatwa. Wakapiga tena, ikakatwa. Namba ngeni siku hiyo zilikuwa za watu wanaompa pole, na Mama hakutaka pole za mtu. Mara ya tatu haikulia kabisa.

Simu ya Kukhu iliamka saa kumi na nusu. Ilitetemeka juu ya meza kwa dakika nzima, ikimwaga ujumbe. Mama alikuwa amepiga mara tisa, zote kati ya saa kumi na saa kumi na robo. Lynette alipiga, akapiga, akapiga. Mama hakupatikana.

Alice ndiye aliyeeleza. Alikuwa amempata Christine kabla hajazima simu. Alimwambia mtoto yu hai, yu mzima, nimemsikia kwa masikio yangu. Christine alimjibu kwa maneno machache: "Ndivyo mlivyoniambia kuhusu Baba." Kisha akakata.

Kukhu aliposikia hayo aliinamisha kichwa. Babu Shikanga alifariki wiki tatu tu baada ya Christine kusafiri. Wazee waliamua asiambiwe, kwa kuwa yuko mbali, hawezi kuja, na angevunjika moyo akiwa peke yake. Kila alipouliza aliambiwa Baba amelala, Baba anaendelea vizuri, mpaka alipokuwa ameshazikwa. Familia nyingi zenye watu wa mbali hufanya hivyo na kuuita huruma. Sasa walikuwa na ukweli mikononi, na haukuwa na njia ya kumfikia hadi saa kumi ya kesho.

Hakuna mengi ya kusema kuhusu saa ishirini na nne hizo. Lynette hakula. Hakuwa na la kufanya, na kutokuwa na la kufanya ni adhabu ngumu kuliko kiboko. Alikuwa akimwona Mama mahali asipopajua, jikoni kwa watu asiojua nyuso zao, akiosha vyombo huku amefiwa, na hakuna hata mmoja anayejua lugha yake wa kumwambia keti kidogo.

Jumapili walikwenda kanisani. Nyimbo zilipokwisha na watu wakanyamaza, Lynette alisimama. Kukhu hakumwambia asimame. Akashika benchi la mbele. Alisema kwamba hakuna aliyemtania mtu, wala simu haikuingiliwa na wezi kama baadhi walivyodhani. Ni yeye aliyetengeneza picha, akaituma, na alipoulizwa alidanganya mara mbili. Akaomba walie kidogo kwa ajili ya Mama, kwa sababu Mama alikuwa akilia peke yake. Akaketi. Ukimya ukaendelea, na ndani yake alisikia watu wakipangusa pua.

Saa kumi kasoro dakika tano walikuwa sebuleni, simu imejaa chaji kweli, imeegemezwa kwenye kikombe. Saa kumi Lynette alipiga. Haikupokelewa. Saa kumi na dakika mbili, haikupokelewa. Kukhu alianza kutaja uwezekano mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya chini: labda wamemnyima simu, labda ameugua, labda amefanya jambo. Hakumaliza hilo la mwisho.

Saa kumi na dakika saba, simu ikalia yenyewe.

Uso wa Mama ulijaza kioo chote. Macho yalikuwa yamevimba hadi kuwa mistari. Alimtazama Lynette muda mrefu, jinsi mtu anavyokagua noti anayoshuku ni bandia.

"Hii ni video ya lini?" akauliza.

"Ni ya saa hii, Mama."

"Inua mkono."

Lynette akainua.

"Ule mwingine. Geuka. Mwite Kukhu. Leo mmekula nini?"

"Obusuma na mrenda," Lynette akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mrenda ulikuwa na chumvi nyingi. Mama Tracy ndiye alipika, Kukhu hakuweza. Mama, ni mimi nilituma ile picha. Ilikuwa picha yangu ya shule. Nilidhani ni nzuri. Halafu nikadanganya simu imejaa, na ilikuwa imezima. Ndio maana hukutupata. Nisamehe."

Mama alisikiliza yote. Kisha akaegemeza simu mahali fulani, wakaona ukuta mweupe na bomba la maji, wakamsikia akilia nje ya picha kwa sauti ambayo bila shaka nyumba nzima ile ilisikia. Aliporudi alikuwa ameshika mdomo.

"Jana nilikuzika, Lynette," akasema. "Nilikuwa naosha sufuria zao, nikakuzika. Nikakuchagulia nguo. Nikakaa hapa nikajaribu kukumbuka sauti yako nikashindwa. Sasa usinyamaze. Sema tu. Sema chochote."

Lynette akasema chochote. Alisema kuhusu ng'ombe na ndoo, kuhusu viwiko vya wanafunzi wenzake, kuhusu nguzo iliyoanguka, mpaka saa ya Mama ikaisha na kioo kikazima.

Lynette alingoja kugombezwa, hata alikutamani. Kukhu alichukua muda kukunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "ile picha ni kosa la mtoto. Mtoto hukosanga, tungecheka yaishe. Kilichotuua ni lile neno, imejaa. Ungeniambia simu imezima, ningekupigia kelele kidogo tu, niibebe, nichaji, na Alice angenipata kabla ya mchana. Mama yako angepata kicheko badala ya kilio. Uliogopa kelele za dakika moja." Akaiweka kanga mapajani. "Na mimi pia nina langu. Tulimficha Christine kifo cha baba yake tukasema tunamhurumia. Jana ukweli ulipomfikia, hakuutambua, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kutotuamini. Leo nimemwomba Mungu msamaha, na kesho saa kumi nitamwomba yeye. Wewe utakuwa umekaa hapa ukinisikia."

Jumatatu Lynette alimweleza Mwalimu Kemunto kila kitu kabla mwalimu hajauliza. Mwalimu alimpa kishikwambi wakati wa mapumziko, peke yake, bila viwiko. Alimwuliza swali moja tu kuhusu ile picha ya kwanza: mshumaa ule ulikuwa wa nani? Lynette alikiri kwamba si wake. Akaufuta. Akafuta njiwa, mawingu na herufi za dhahabu. Pengo la upande wa baba aliliacha wazi, bila maua. Kwa imani aliweka picha ya benchi tupu la kanisani.

Katikati aliweka picha aliyoinasa kwenye kioo cha simu ya Kukhu wakati wa mazungumzo yale, akamtumia Mwalimu kwa ruhusa ya Kukhu. Mama amejaza kioo kizima, macho yamevimba, na Lynette yuko kwenye kona ya juu, mdogo kama stempu.

Mwalimu Kemunto alisimama nyuma yake akaitazama. Alimwuliza kwa nini, katika picha ya nafsi yake, mtu mwingine ndiye mkubwa.

"Kwa sababu hapo ndipo niliona mimi ni nani," Lynette akasema. "Nilikuwa sijawahi kuona vile uso wa mtu unakaa akidhani amekupoteza."

Mwalimu hakumwambia aibadilishe.